Samaki Halali na Risasi Isiyoonekana

Katika vyakula ambavyo dini zimeviwekea masharti, ni vichache vilivyopewa ruhusa nyepesi kama samaki. Ng'ombe hutaka kisu, na jina la Mwenyezi Mungu, na mchinjaji ambaye itikadi yake inajulikana, na kuku vivyo hivyo. Samaki hujifia wavuni au kwenye ndoana, na Mwislamu humla pasipo kuuliza aliyemvua alikuwa nani, kwa kuwa Mtume alikwisha kuufungua mlango wa bahari kwa maji yake na kwa kilichokufa ndani yake. Mkatoliki anayejinyima nyama Ijumaa za Kwaresima hukimbilia samaki. Msabato, afuataye maagizo ya kitabu cha Walawi, hutazama mapezi na magamba tu, akimwona mumi akampisha na akimwona ngege akamnunua. Kwa sababu hiyo, jioni, wakati makarai ya mafuta yanapotokota kando ya njia za Makina na Kisumu Ndogo huko Kibera, mjini Nairobi, au karibu na kituo cha 46 huko Kawangware, wafuasi wa dini ambazo haziafikiani katika mambo mengi huweza kusimama mbele ya mama samaki mmoja, wakanunua kitoweo cha namna moja, na kila mtu akaenda zake na dhamiri iliyotulia.

Dhamiri hiyo ndiyo nitakayo kuisumbua kidogo. Je, kitu ambacho jicho halikioni, ulimi haukionji, wala pua hainusi harufu yake, chaweza kuigeuza hukumu ya chakula kilichokwisha kuhalalishwa? Na kama chaweza, kosa lamwangukia nani: mwenye kula, mwenye kuuza, au mwenye kumwaga? Wako watakaosema kwamba hili ni suala la daktari, halimhusu sheikh wala padri. Mimi naona vingine, kwa sababu daktari aweza kutwambia kiasi cha madini ya risasi kilichomo katika damu ya mtoto, walakini hana kipimo cha kutwambia ni nani atakayeulizwa juu yake.

Yafaa kwanza tumjue samaki mwenyewe na huko atokako. Wengi katika wale wanaoliwa Kibera na Kawangware hutoka Ziwa Viktoria, wakapitia soko la Gikomba, na huko Gikomba hugawanyika kwa tabaka kama wagawanyikavyo wanunuzi wao. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala wenyeji wake akanenepa mpaka akawa biashara ya viwanda; minofu yake hukatwa ikasafirishwa ng'ambo, na kinachobaki, yaani kichwa na mifupa pamoja na nyama kidogo iliyoshikamana nayo, hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi kwa watu wasioumudu mnofu. Omena, ambaye ndiye dagaa wa ziwa hilo, huja mkavu akapimwa kwa gorogoro, naye ndiye nyama ya nyumba nyingi ambamo nyama haiingii. Ngege hutoka ziwani, na katika mabwawa ya kufugia, na kwa miaka ya karibuni hutoka hata Uchina akiwa ndani ya maboksi ya barafu; jambo hilo lilizua mabishano makali nchini mwaka 2018, na katika mabishano hayo wengi walimtuhumu samaki wa kigeni kwa sumu, na wachache wakakumbuka kuuliza habari za samaki wa nyumbani.

Habari za samaki wa nyumbani ni kwamba maji yake hayakuachwa kama yalivyoumbwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, Migori upande wa Kenya na Geita upande wa Tanzania, huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ikawa mvuke. Sehemu yake hurudi ardhini, na sehemu huchukuliwa na vijito mpaka ziwani. Risasi na kadmiamu hutoka katika betri zilizotupwa, rangi, maji machafu ya viwanda na majalala ya miji, na risasi nyingine ni mabaki ya petroli iliyokuwa imetiwa madini hayo, ambayo haikukoma kuuzwa katika nchi zetu hizi mpaka kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Na mkazi wa Kibera hana haja ya kusafiri hadi ziwani ili ashuhudie mambo haya. Mto Ngong hupita ubavuni mwa makazi yake ukaingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji, ambalo zamani lilikuwa na klabu ya mashua za tanga, na ambalo leo limejaa matope na magugu-maji hata mgeni aweza kudhani ni shamba. Upande wa mashariki ya mji, katika jalala la Dandora, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328, na nusu yao wakaonekana na risasi katika damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubaliwa wakati huo. Wala maji ya mji huu hayakomi mjini: Mto Nairobi na Mto Ngong humwagikia Mto Athi, na Athi ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Watu wa pwani wanaozungumza juu ya haki ya jirani wangefaa kujua kwamba Kibera ni jirani yao kwa njia ya maji.

Sasa tutazame jinsi madini haya yanavyotenda kazi, kwani hukumu isiyojua kitu inachokihukumu ni kelele tupu. Zebaki ikifika katika matope ya chini ya ziwa, ambako hewa ni haba, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na kwa sura hiyo huingia katika viumbe vidogo vya majini, kutoka humo katika samaki wadogo, na kutoka kwa wadogo katika wakubwa, ikizidi kila daraja, kwa kuwa kila mlaji hujiwekea yale aliyojiwekea mliwaji wake. Ndiyo maana mbuta mkubwa, aliye juu ya ngazi hiyo, huwa nayo kuliko ngege alaye mimea. Vipimo vilivyofanywa katika Ziwa Viktoria vimeonyesha kwamba wengi wa samaki wake wako chini ya mipaka ya kimataifa katika zebaki, na kwamba wanaotia shaka aghalabu ni mbuta wakubwa. Insafu yanilazimisha kulisema hilo, maana mwandishi anayewatisha watu kupita ushahidi alionao naye ni mchuuzi wa bidhaa mbovu. Zebaki hiyo hushikamana na nyama yenyewe, basi haimbagui mwenye kula mnofu. Risasi ina desturi nyingine: hukaa zaidi katika mifupa, matamvua na maini, na kadmiamu hupenda figo na maini. Hapo ndipo mgao wa soko unapokuwa mgao wa madhara pia, kwa kuwa mnofu humwendea mwenye fedha, na kichwa na mifupa humwendea asiye nazo, na omena huliwa mzima pamoja na utumbo wake. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 ziliwapima watoto wa kandokando ya ziwa upande wa Kenya katika nywele, kucha na mkojo, zikawalinganisha na dagaa wanaowala, kwa sababu watafiti walikuwa wameiona njia hiyo ambayo sokoni haionekani.

Mipaka yenyewe imeandikwa. Kanuni za kimataifa za chakula ziliweka miligramu 0.3 za risasi kwa kila kilo ya samaki kuwa ndiyo ukomo. Kwa zebaki ya methili, kamati ya wataalamu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliweka mwaka 2003 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake katika wiki moja. Tukadirie mama mwenye kilo 60: fungu lake la wiki ni mikrogramu 96, na samaki akiwa na miligramu 0.2 kwa kilo, mama huyo hufikia ukomo kwa kula chini kidogo ya nusu kilo. Mtoto wa kilo 15 huufikia kwa gramu 120, yaani kwa kipande ambacho mama mwenye huruma angemwongezea bila ya kufikiri. Ama risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hapana kiwango chake kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo huinyonya kutoka tumboni mara nne au tano kuliko mtu mzima. Kisha limo jambo la ajabu ambalo lapasa kuwakumbusha wenye haraka ya kuharamisha: mwili wenye upungufu wa chuma na chokaa ndio unaonyonya risasi kwa wingi, na omena ni katika vyakula vya bei nafuu vyenye chuma na chokaa. Mwenye kumpiga marufuku omena Kibera, pasipo kuweka kingine mahali pake, aweza kumtoa mtoto katika risasi ya samaki akamtia katika njaa inayoikaribisha risasi ya vumbi.

Nije katika sheria. Wanavyuoni wa kale hawakughafilika na mnyama alaye uchafu. Imepokewa kwamba Mtume alikataza nyama yake na maziwa yake, na mafakihi wakaeleza kwamba afungiwe na kulishwa kilicho safi mpaka atakate, kuku kwa siku tatu, kama ilivyopokewa kwa Ibn Umar, na ngamia kwa siku arubaini katika kauli ya baadhi yao. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya mwambao wetu, alama inayotazamwa ni kubadilika kwa harufu, ladha au rangi. Katika maji kadhalika: yakitimia qulla mbili hayanajisiki ila sifa mojawapo katika hizo tatu ikibadilika. Nami naona kwamba hiyo ilikuwa hekima kubwa, kwa kuwa iliwapa watu wasio na maabara kipimo ambacho kila mmoja wao amezaliwa nacho usoni. Tena walifahamu kwamba kitu kikigeuka kabisa dhati yake, hukumu nayo hugeuka, kama mvinyo unaojigeukia ukawa siki.

Walakini kanuni zote hizi zimesimama juu ya dhana moja, ambayo katika zama zao ilikuwa kweli kwa karibu kila uchafu waliouona: kwamba uchafu hupita. Samadi huoza ikawa udongo, damu huoshwa, mzoga huliwa na ardhi. Risasi haipiti. Haiozi wala haiungui ikaisha, wala hapana siki ambayo yaweza kugeuka ikawa. Ichomwe, itakuwa moshi wenye risasi, na izikwe, itakuwa udongo wenye risasi. Mwili wa binadamu huitoa nusu ya zebaki ya methili kwa muda wa siku kama 50 hadi 70, ikiwa haikuongezwa nyingine. Kadmiamu hukaa figoni miaka mingi. Na risasi iliyokwisha kuingia mifupani hukaa kwa makumi ya miaka, hata mama anapochukua mimba, mwili wake ukichota chokaa mifupani ili kumjenga mwanawe, huchota pamoja nayo risasi aliyoila alipokuwa msichana. Siku arubaini za ngamia zitafaa nini hapo?

Mtu atasema kwamba samaki mwenye risasi basi si najisi. Kweli, si najisi, na nguo iliyomgusa yafaa kusalia. Hukumu yake tukiitafuta katika mlango wa tohara hatutaipata, maana iko katika mlango wa madhara, ambamo mafakihi wa Kishafii walivitaja vitu visivyo na najisi yoyote, kama vioo na mawe, wakaviharamisha kwa mwenye kudhurika navyo, pamoja na sumu. Na juu ya mlango huo umesimama msingi mashuhuri wa kutodhuru na kutodhuriana. Imamu Ghazali alipoyahesabu makusudio matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, alitaja dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Na atazame mwenye kutazama: risasi huipunguza akili ya mtoto kabla hajajifunza kusoma, zebaki ya methili hupita katika kondo la nyuma ikamfikia aliye tumboni, yaani kizazi, na zote mbili hatimaye huigusa nafsi. Tumezoea kuhubiri, na twahubiri haki, kwamba ulevi umeharamishwa kwa sababu ya akili. Nimesikia hotuba nyingi juu ya mlevi wa chang'aa, ambaye akili yake humrudia asubuhi; sijasikia hata moja juu ya mtoto ambaye akili yake imepunguzwa na madini, wala haitamrudia.

Wala hapana udhuru wa kusema kwamba madini hayo hayaonekani, na kwamba sheria haimkalifishi mtu kwa asilolijua. Tangu zamani neno la tabibu mwadilifu lilitosha kumruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani, na kumruhusu kutayamamu penye maji tele, ingawa mgonjwa mwenyewe hauoni ugonjwa ulio ndani yake. Mkemia mwenye kipimo leo anashika nafasi ileile ya shahidi. Akisema, amesikiwa. Na hapo ndipo ninapoifikia rai yangu: kwamba hukumu ya samaki huyu haikai sahanini. Huhama pamoja na ujuzi, ikamfuata kila ajuaye kwa kadiri ya ujuzi wake na uwezo wake, mpaka ikawa nzito kabisa juu ya wenye vipimo na mamlaka, na nyepesi kabisa juu ya mama aliyenunua mgongo wazi kwa fedha ya vibarua vya siku hiyo.

Kisa cha Minamata kinaionyesha rai hii kuliko hoja zangu. Katika mji huo wa Japani, tarehe 1 Mei 1956, daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, jina lake Hosokawa Hajime, alipeleka habari kwa wakuu wa afya juu ya maradhi ya ubongo yasiyojulikana, yaliyowapata watu wa vijiji vya wavuvi, baada ya paka wao kuonekana wakiyumba kama wanaocheza ngoma. Mwaka 1959 daktari huyo alimlisha paka mmoja, aliyepewa nambari 400, chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na mwezi wa Oktoba paka akapatwa na maradhi yaleyale. Wakuu wa kampuni walijulishwa, jambo likafichwa, na maji yakaendelea kumwagwa baharini hadi mwaka 1968. Walizaliwa watoto walemavu kwa akina mama ambao wao wenyewe hawakuonekana na ugonjwa. Samaki wa Minamata alikuwa halali kwa dini zote siku hizo, na wavuvi waliomla hawakuwa na kosa. Lakini baina ya Oktoba 1959 na mwaka 1968 kila sahani iliyoliwa iliandikwa katika daftari ya watu ambao hawakuila. Na yapendeza kukumbuka kwamba uamuzi wa kuanza kujadiliana juu ya mkataba wa zebaki uliobeba jina la mji huo, uliopitishwa mwaka 2013, ulitolewa hapahapa Nairobi, Gigiri, mwezi wa Februari 2009, katika ofisi ambazo mtu wa Kawangware aweza kuzifikia kwa matatu mbili.

Kuna jawabu ambalo hulisikia kila anayelizungumza jambo hili mitaani: tumekula tangu utoto wala hatujafa, na la Mungu halikimbiwi. Silidharau, maana mara nyingi hutoka kwa watu ambao imani ndiyo mali pekee wasiyonyang'anywa. Lakini lilikwisha kujibiwa. Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh akaambiwa kwamba kuna tauni mbele yake, alikata shauri kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba anaikimbia kadari akiiendea kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni akakuta ng'ambo moja ina malisho na ya pili ni kame, ambaye popote atakapowalisha amewalisha kwa kadari. Jawabu hilo lina upande ambao wahubiri wetu huupita upesi. Umar hakumwachia kila mtu ajiamulie nafsi yake. Aliyewarudisha watu alikuwa yeye Khalifa, kwa kuwa habari ilimfikia yeye na amri ilikuwa mkononi mwake. Na yule mwenye ngamia alikuwa na ng'ambo mbili za kuchagua. Mtu ambaye bonde lake lina ng'ambo moja tu, nayo ni kame, hatumfunzi kitu tukimwambia achague.

Hapo huja habari ya dharura. Mafakihi wamesema dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri yake, na mtu asiye na kitoweo kingine cha kuwapa wanawe hana lawama kwa kula omena, hata ingethibitika kwamba ana madini. Aghalabu sisi huisimamisha kanuni hapo, tukaona kwamba tumemfanyia maskini ihsani kubwa kwa kumsamehe. Mimi husoma dharura kama shitaka. Ikiwa dharura ni ya mtu mmoja jangwani, ni msiba. Ikiwa ni ya mtaa mzima, ndani ya mji wenye maabara, vyuo vikuu na bunge, pana watu walioacha faradhi ya kutosheana, na dhambi ya faradhi hiyo ikiachwa huwaenea wote wenye uwezo. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 34 wa kitabu chake, anawakemea kondoo wanono ambao hula malisho mazuri kisha wakayakanyaga yaliyobaki, hunywa maji maangavu kisha wakayavuruga kwa miguu, na waliokonda wakaachiwa makanyago na matope. Sijui mahali pengine ambapo biashara ya mbuta imeelezwa kwa usahihi zaidi, wala nabii hakupata kumwona mbuta.

Na aliyedhani kwamba ninatia chumvi auangalie mwaka 1999. Mwaka huo zilienea habari kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria wanatumia sumu za kuulia wadudu ili kuvulia, na Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hilo kutoka nchi zetu tatu, mpaka maabara na ukaguzi vilipoimarishwa. Mlaji wa mbali alilindwa kwa amri moja. Mlaji wa Gikomba hakufungiwa soko, wala hakuwekewa maabara. Samaki walewale walioshukiwa ng'ambo walishuka bei nyumbani, na bei ikishuka Kibera hununua.

Je, muuzaji? Mtume alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani, alimkemea mwenyewe kwa kuuficha. Lakini muuzaji yule alikuwa akiujua unyevu wake. Mama samaki wa Kawangware haijui risasi yake, na akiinama juu ya ndoo yake siku nzima hataiona. Anayepaswa kuingiza mkono katika lundo hili ni yule ambaye katika dola za Kiislamu aliitwa muhtasib, msimamizi wa masoko, ambaye vitabu vya kazi yake, kama kile cha Shayzari cha karne ya 12, vilimpa hata wakaangaji wa samaki awachunguze. Kenya inaye kwa majina mengine: maafisa wa afya ya umma wa kaunti, wakaguzi wa uvuvi, mamlaka ya mazingira, na Katiba ya mwaka 2010 imempa mwananchi, katika kifungu cha 42, haki ya mazingira safi, na katika cha 43, haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kwamba maandishi hayo yana meno kulionekana Mombasa, kwa watu wa Owino Uhuru waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri: mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na mwishoni mwa mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Haki ilichukua miaka kumi, na risasi ilikuwa imekwisha kuingia mifupani.

Mpaka wenye mamlaka watakapofanya yao, yako machache ambayo mtu aweza kuyafanya pasipo kungoja, nami nayataja kwa kusitasita, nisije nikaonekana kuurudisha mzigo kwa yule niliyekwisha kumtua. Mama mjamzito na mtoto mdogo heri wapate ngege au samaki wadogo kuliko mbuta mkubwa wa kila siku. Matamvua na matumbo yatupwe. Omena achambuliwe kichwa na utumbo, kama wafanyavyo akina mama wengi wa Tanzania, na aliyeanikwa juu ya chanja ni bora kuliko aliyeanikwa mchangani. Samaki wa Bwawa la Nairobi au wa mito ya mji asiliwe kabisa. Na sufuria nayo itazamwe: katika nchi kadhaa za Afrika zimepatikana sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu ambazo hutoa risasi zinapopikiwa, hata yawezekana samaki akawa hana hatia na chombo ndicho chenye kosa.

Nawaomba maimamu wa Makina na wa Kawangware, na mapadri na wachungaji wa mitaa hiyo, kwamba wanapokuja kwao wagombea na wakubwa wa serikali, wakakaribishwa mbele kusalimia waumini, waulizwe neno moja kabla ya kupewa kipaza sauti: vipimo vya samaki wa Gikomba viko wapi, na kwa nini havikubandikwa sokoni kwa Kiswahili? Swali hilo halihitaji fatwa wala fedha. Mama samaki hana deni katika jambo hili mpaka siku atakapoambiwa. Wenye vipimo wanalo tangu siku walipopima, na wenye uwezo wa kupima wakaacha, deni lao halipungui kwa kuwa hawakutaka kujua.